Nafasi ya Kumi na Sita kwenye Ruta ya Mfaume

Ruta ya Mfaume Kitwana, kile kisanduku cha waifai ukutani, ilijaa. Ilikuwa na nafasi za kompyuta kumi na sita, zote zimeshachukuliwa, na kompyuta ya mke wake haikuwamo. Mtihani wa mke wake ulikuwa Alhamisi.

Mfaume alikuwa fundi makochi, mtu wa kusema mambo yalivyo. Aliweza kumwambia tajiri usoni kwamba mbao za sofa lake zimeoza na kwamba sponji yenyewe inanuka panya. Lakini mgeni akishakaa sebuleni kwake, kikombe mkononi, Mfaume alikuwa hana ulimi. Si kosa lake. Alizaliwa katika nchi ile.

Nchi yenyewe hatutaitaja jina, wenyewe wanajijua. Itoshe kusema ni nchi yenye ukarimu kuliko zote duniani. Hilo limeandikwa kwenye noti zake, kwenye milango ya magari ya polisi, na juu ya lango la gereza kuu, ambako taa za rangi huwaka zikisema: KARIBU, JISIKIE NYUMBANI. Tangu uhuru hakuna mwananchi aliyewahi kuambiwa "hapana" machoni pake. Huambiwa "tutaona", au "njoo kesho", au hupewa chai mpaka asahau alichokuja kuomba.

*

Shida ilianzishwa na kompyuta isiyojulikana.

Zamani waifai ya kila nyumba ilikuwa wazi kama kisima cha mtaa. Mpita njia aliegemea ukuta wako, akasoma barua zake, akakushukuru, akaenda. Halafu siku moja mtu akaandika mtandaoni kwamba hotuba ya Waziri wa Ukarimu ilikuwa ndefu kuliko barabara aliyokuwa akiizindua. Wapelelezi walikwenda kupima. Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililowaudhi zaidi. Wakafuatilia maneno yale mpaka kwenye waifai ya mkunga mmoja mzee, na mkunga akasema kwa moyo safi kwamba hajui ni kompyuta ya nani, yeye hajawahi kumuuliza mtu ametoka wapi, hata wale anaowazalisha.

Waziri alihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "ukarimu si kumkaribisha usiyemjua. Ukarimu ni kumkaribisha unayemjua, baada ya kumjua. Na kumjua ni kujulishwa. Na kujulishwa ni utaratibu. Na utaratibu ni mimi."

Watu walipiga makofi. Wa wilaya za mbali waliendelea kupiga hadi walipoandikiwa barua ya kuacha.

Sheria yenyewe haikuwa mbaya. Kila kompyuta, ilisema, ina namba yake ya kuzaliwa, imechapwa tumboni. Kila mwenye nyumba ataandika kwenye ruta yake namba za kompyuta anazozijua, na ruta haitaruhusu nyingine yoyote, hata ije na neno la siri. Ingeishia hapo, watu wangelala salama.

*

Lakini utamwambiaje jirani kwamba kompyuta yake huijui?

Kesho yake asubuhi Mbaruku, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, alibisha hodi kwa Mfaume akiwa na mke wake, shangazi yake, na kompyuta iliyofungwa kwenye khanga mpya kama mtoto wa siku saba. Walikaa. Waliulizia afya ya Mfaume, afya ya mke wake, ya magoti yake, ya makochi ambayo hayajakwisha. Ndipo shangazi akafunua khanga pole pole, akaeleza kwamba huyu ni wao, wamemlea wenyewe, hana makuu, anapenda kusikiliza taarabu tu. Mfaume aliigeuza kompyuta, akasoma namba tumboni, akasifu afya yake, akaiandika ya kwanza. Wanawake wakapiga vigelegele.

Jioni ile Mfaume alivaa kanzu, akaipeleka kompyuta yake kwa Mbaruku, nayo ikapokewa kwa heshima hiyo hiyo.

Basi mtaa mzima ukawa hivyo. Kila siku khanga zinapita, sinia za kahawa zinapita. Mtu mmoja alileta kompyuta mbili akasema ni pacha. Bi Mize, mjane wa nyumba ya pili, alileta ya marehemu mumewe, ambayo ilikuwa haiwaki tangu mazishi. Alisema hataki iwake. Anataka tu isije ikasahauliwa kwenye mambo ya watu. Mfaume aliiandika ya tisa huku ameinamisha kichwa.

Na kwa kuwa katika nchi ile mwenye nyumba hatii mkono kwenye sinia kabla ya wageni, hakuna aliyejiandika mwenyewe. Ilikuwa aibu hata kulifikiria. Haukupita muda, mtaani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kutumia waifai ya nyumbani kwake. Mfaume akitaka kusoma ujumbe wa binti yake Shani, alivuka barabara akakae kinyozini. Na kwa kuwa si adabu kukaa kinyozini bure, alinyolewa. Alinyolewa asubuhi, alinyolewa jioni, mpaka kichwa kikang'aa na Mbaruku akawa ananyoa hewa. Mbaruku naye akitaka kusoma zake alikuja kukaa kwa Mfaume, juu ya makochi ya watu, akila karanga na kudondosha maganda kwenye mishono.

Nafasi moja tu Mfaume aliificha. Kumi na tano zilipotimia, alianza kuwaambia watu kwamba tutaona. Ya kumi na sita ilikuwa ya Siwema.

*

Siwema ni mke wake, mama wa Shani. Aliacha shule Kidato cha Pili mama yake alipougua, akauguza, akazika, akaolewa, akazaa, akalea. Shani alipokwenda kwa mumewe, Siwema alifuta meza ya jikoni, akaweka kitabu cha Jiografia, akamwambia Mfaume kwamba kuanzia leo maharage atachambua yeye. Miaka mitatu alikwenda shule ya jioni. Alitaja mito ya dunia akisukuma chapati. Alijua tarehe za vita kuliko siku yake ya kuzaliwa. Kitu kimoja tu kilimshinda, Hisabati, na alikichukia kwa nguvu zote kama mtu anavyomchukia wifi.

Sasa mtihani wa Kidato cha Nne ulikuwa umefika. Kumbi zote za mitihani nchini zilikuwa zimekodishwa kwa harusi, hivyo Wizara ya Elimu iliamua watahiniwa wafanyie majumbani, kwa kompyuta. Ili kuzuia udanganyifu, mtahiniwa lazima awe ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwenye waifai ya nyumba yake mwenyewe. Asiyeonekana hapo atahesabiwa hakuwahi kusoma, na ataanza upya Kidato cha Kwanza.

Mfaume alipanga kumwandika Siwema Jumatatu, baada ya chakula cha mchana. Kabla ya chakula cha mchana akaja Dokta Lwiza.

Dokta Lwiza alikuwa Mkaguzi wa Ukarimu. Udaktari wake ulikuwa wa nini, hakuna aliyeuliza. Kuuliza si ukarimu. Alikunywa vikombe vinne vya chai, akaandika joto la kila kimoja, akakalia makochi yote kwa zamu, kisha akaomba aonyeshwe ruta. Aliitazama orodha kwa muda mrefu.

"Ndugu Mfaume," alisema, "namwona kinyozi. Namwona marehemu. Serikali inakaa wapi?"

Mfaume alisema hakujua kama Serikali ina kompyuta.

"Bado haijanunuliwa," Dokta Lwiza alikubali. "Iko kwenye mpango. Lakini namba yake ya kuzaliwa tumeshaitoa mapema, sifuri kumi na mbili mfululizo, kwa sababu Serikali ndiyo mwanzo wa kila kitu. Sasa siku ikinunuliwa, ikapita mtaani hapa imechoka, ina kiu, ikakuta kwako hakuna nafasi. Utaiambia nini?"

Akangoja, kikombe mkononi. Mfaume alijikaza. Alifikiria mito ya dunia, alifikiria maharage. Kisha neno likamtoka lenyewe, kama kikohozi.

"Karibu," alisema.

Siwema alisikia kutoka jikoni. Alisubiri mpaka Dokta amesindikizwa hadi barabarani, akatokea mlangoni akifuta mikono.

"Baba Shani," alisema, "umempa kiti mtu ambaye hajazaliwa."

Alirudi kwenye Hisabati.

*

Jumanne Mfaume alikwenda Wizara ya Ukarimu. Jengo lilikuwa tupu. Ruta ya Wizara nayo ilikuwa imejaa wageni, kwa hiyo makarani walikuwa wanafanyia kazi kwenye mgahawa wa supu ng'ambo, ambako walikuwa wamejulishwa. Karani aliyempata alikuwa na mfupa mkononi. Alimweleza Mfaume kwa upole kwamba kompyuta iliyokaribishwa ni mgeni, na kwa mujibu wa sheria mgeni hatolewi mpaka aage mwenyewe, mbele ya shahidi. Kuizima ruta na kuianzisha upya ni kufukuza wageni kwa jumla, kosa ambalo adhabu yake ni kukaribishwa gerezani.

Mfaume aliuliza kama Serikali inaweza kuaga.

Karani alinyonya mfupa, akafikiri. Alisema asiyefika hawezi kuaga. Ila akamshauri atafute mgeni mwingine mwenye moyo mzuri.

Moyo mzuri ulipatikana Jumatano. Bi Mize aliposikia habari za Siwema, alisema marehemu mwenyewe angekuwepo angempisha. Akaja na kompyuta ile kwenye khanga nyeusi. Shahidi alikuwa Chambuso, fundi wa waifai mwenye muhuri wa Wizara, kijana mwoga aliyekuwa akiomba radhi hata kwa waya anaokata.

Chambuso alisoma taratibu za kuaga. Mgeni atasema anaondoka, na mwenye nyumba atamsihi abaki mara tatu, kwa dhati. Kusihi bila dhati kunabatilisha shughuli nzima.

Bi Mize alisema sisi tunaondoka. Mfaume akasema mbona mapema. Bi Mize akasema hapana, twende, kuna giza. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mfaume akasema kaeni kidogo, chai iko jikoni. Bi Mize alisita, akasema asante, siku nyingine. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Mara ya tatu Mfaume alisema kavu kavu, akitazama dari, jamani kaeni, na Chambuso, jasho likimtoka, akasema mzee samahani, hiyo haikuwa ya dhati, siwezi kuigongea muhuri.

Basi Mfaume aliitazama ile khanga nyeusi. Alimkumbuka marehemu alivyokuwa akija kukaa hapo hapo kwenye kigoda, akimshikia uzi bila kuombwa, akisimulia mipira ya zamani ambayo timu yake haikushinda hata mmoja. Sauti ikambadilika.

"Kaa, ndugu yangu," alisema. "Unakimbilia wapi?"

Bi Mize aliketi chini akalia. Alipoweza kusema, alisema basi, kwa kuwa mmetusihi hivyo, tutakaa kidogo. Chambuso aligonga muhuri kuthibitisha kwamba mgeni amebaki.

*

Alhamisi asubuhi Siwema alivaa gauni la kijani alilovaa siku Shani alipoolewa. Aliweka kompyuta yake mezani, akaweka kalamu pembeni ingawa kalamu haikuhitajika, akakaa mbele ya kioo kilichokuwa kinasema HUJULIKANI. Mtihani ulikuwa unafunguliwa saa mbili na kufungwa milango saa mbili na robo. Mfaume alisimama nyuma yake na kichwa chake kinachong'aa. Chambuso alikuwa ameitwa, na alikuwa ameshaomba radhi mara kadhaa.

"Chambuso," Siwema alisema, "harusini, kiti cha mbele kikiwekewa kitambaa kwa ajili ya mkubwa, na mkubwa hajaja, na bibi kizee amesimama, inakuwaje?"

Chambuso alisema bibi kizee anakaa. Mkubwa akifika, ananyanyuka.

"Na Serikali imefika?"

Chambuso alielewa. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba kitu hicho kinawezekana, kila fundi anakijua na hakuna fundi anayekisema. Kompyuta hutaja namba unayoiambia itaje. Ruta haimtazami mtu usoni, inasikiliza namba tu.

"Mama, lakini hiyo ni Serikali."

"Nitaikalia kwa adabu," alisema Siwema.

Chambuso alimtazama Mfaume. Mfaume alisema fanya. Kijana akafumba macho, akabonyeza, na kompyuta ya Siwema ikaambiwa kwamba namba yake ya kuzaliwa ni sifuri kumi na mbili. Ruta ikawaka kijani. Kioo kikafunguka, kikaandika kwa herufi kubwa: KARIBU. MTAHINIWA: SERIKALI.

Hawakulitegemea hilo. Mtihani ulikuwa unachukua jina la mtahiniwa kwenye namba ya kompyuta yake. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na tatu.

"Niendelee?" Siwema aliuliza bila kugeuka.

Mfaume alijua kwamba kujifanya Serikali ni miaka saba. Alijua pia miaka mitatu ya maharage.

"Endelea, Mama Shani. Majina tutayatengeneza baadaye."

Akatoka nje, akasimama mlangoni na nyundo yake ya misumari midogo. Mbaruku alipokuja kusoma barua, Mfaume alimpa sufuria ya karanga akamwomba azihesabu zisizobanguka.

*

Matokeo yalisomwa redioni, na redio ilipiga wimbo wa taifa kwanza.

Serikali ilikuwa imefaulu Kidato cha Nne. Kiswahili ilipata A, Uraia B, Jiografia B, Historia C. Watu walimiminika barabarani, wengine wakilia. Magari yalipiga honi. Shule zilifungwa ili wanafunzi washerehekee elimu. Waziri alihutubia kutoka roshani.

"Kuna waliosema Serikali hii haijasoma," alisema. "Leo Serikali ni msomi, na wao wako wapi?"

Walikuwa gerezani, lakini lilikuwa swali la hotuba tu. Mwandishi mmoja wa habari alinyoosha mkono, akauliza kwa nini Serikali ilipata F katika Hisabati.

"Serikali haikufeli Hisabati," alijibu Waziri. "Hisabati haikuwa tayari kwa Serikali."

Somo lile likafutwa alasiri hiyo, kisha likarudishwa jioni, kwa kuwa hakuna aliyeweza kupiga hesabu ya walimu wangapi wamebaki bila kazi. Hakuna aliyeuliza Serikali ilifanyaje mtihani ilhali kompyuta yake haijanunuliwa. Ilikubaliwa kuwa hiyo ndiyo maana ya kipaji.

Majina ya wasioonekana mtihanini yalitoka siku hiyo hiyo, kwa maandishi madogo. Siwema alikuwamo. Wa kuanza upya.

*

Cheti kilizungushwa nchi nzima ndani ya sanduku la kioo. Kilipofika mtaani kwao, Dokta Lwiza alikileta mwenyewe sebuleni, maana rekodi zilionyesha kwamba Serikali ilifanyia mtihani hapo. Aliwashukuru kwa kuipokea. Kisha akamgeukia Siwema, akamuuliza kwa huzuni ya kiofisi mbona yeye hakuonekana.

"Ulikuwa wapi, mama, wakati Serikali inafanya mtihani nyumbani kwako?"

Mfaume alifungua mdomo. Siwema alimkanyaga mguu, akaubana hapo hapo.

"Nilikuwa jikoni," alisema. "Naichemshia chai."

Dokta Lwiza aliguswa sana. Akaandika. Siwema akaomba akishike cheti kidogo, na Dokta, kwa ukarimu, akafungua sanduku. Siwema alikishika kwa ncha za vidole. Alisoma somo moja moja, kidole chake kikifuata mistari, bila haraka.

"Historia nilidhani itapata B," alisema.

"Serikali nayo ilidhani hivyo hivyo," alisema Dokta Lwiza, akacheka, akakichukua. Akaongeza kwamba Serikali imependa elimu, itaendelea na Kidato cha Tano, na ingefurahi kuikuta nafasi yake pale pale. Akabaki na kikombe mkononi, akingoja lile neno.

Mfaume alimtazama mke wake akifuta vidole kwenye gauni. Akainuka, akaenda ukutani, akaing'oa ruta pamoja na misumari yake na kipande cha plasta, akaiweka mapajani mwa Dokta Lwiza, waya zikining'inia.

"Chukua," alisema. "Yote. Na wageni wake."

Dokta Lwiza alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akakosa sheria. Kukataa zawadi ya mwenyeji ni kosa. Aliondoka nayo. Na kwa kuwa wageni walikuwa bado hawajaaga, walimfuata: Mbaruku na shangazi yake, wale pacha, na Bi Mize na khanga nyeusi, msururu mzima hadi Wizarani, ambako wamekaa kwenye ukumbi wa mikutano mpaka leo. Kila mara wakisema wanaondoka, Waziri mwenyewe huletwa kuwasihi wabaki, kwa dhati, na wanabaki.

Gharama yenyewe ni hii. Mfaume alipoteza ruta moja, plasta ya ukuta, na jirani wa kumnyoa. Kwa kosa la kutoa zawadi kwa hasira, makochi yake manne yalichukuliwa yakakaliwe na hao wageni. Chambuso alipoteza muhuri, kwa kuwa ruta iliondoka bila shahidi. Siwema alipoteza miaka mitatu, madaftari kumi na moja, A moja, B mbili na C moja. F aliachiwa. Jumatatu alianza Kidato cha Kwanza.